Upenu tunaoukata

Ukipita Himbi au Keshero, mitaa ya Goma, siku hizi, nyumba nyingi mpya ni kama zimekatwa kichwa. Kuta zinapanda mpaka juu na kuishia sawasawa kama sanduku. Mabati yamelala nyuma yake kwa mteremko mdogo, na mtu wa barabarani hayaoni. Paa la mgongo, lile linaloteremka pande mbili na kuacha upenu nje ya ukuta, limebaki kuitwa paa la wazee. Nadhani limehukumiwa kwa sura tu.

Wanaoficha paa wana sababu zao, na si urembo peke yake. Kiwanja Goma ni ghali na chembamba: upenu ukitokeza nusu mita, maji yanamwagikia kwa jirani, na kesi inafika kwa mkubwa wa avenyu. Paa la mteremko mmoja halili mbao nyingi, upepo wa ziwa haupati ukingo wa kulinyanyulia, na anayetaka kuongeza ghorofa baadaye hana mengi ya kubomoa. Yote hayo ni kweli.

Lakini mji huu umekaa juu ya lava. Mvua ikinyesha inapotelea kwenye nyufa za mawe, na hakuna mto unaokatiza mjini. Bomba likikauka, kuna ziwa na kuna paa. Ndiyo maana hesabu ya upenu hainitoki kichwani. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 10. Mabati yakiishia ndani ya kuta, yanapokea mvua ya mita za mraba 80. Acha upenu wa sentimita 60 kila upande, inakuwa 9.2 kwa 11.2, yaani kama 103. (Mwinuko hauongezi kitu, mvua inahesabu kivuli cha paa.) Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 20, ambayo hapa haimshangazi mtu, inateremsha lita 1,600 kwenye paa la kwanza na 2,060 kwenye la pili. Tofauti ni bidoni 23 za lita 20. Toa zinazoruka na kumwagika, ubaki tuseme na 18: hizo ni bidoni 18 ambazo hakuna mtoto aliyezipandisha kutoka Kituku kwenye ufuo wa ziwa, wala mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyelipwa kuzileta. Na hiyo ni mvua moja.

Halafu kuna mlima wa volkano. Moshi wa Nyiragongo una gesi za asidi. Mvua ikipita ndani yake inakula mabati, na inaweza kubeba florini, kwa hiyo maji hayo ni ya kufulia na kuoshea, si ya kunywa hivi hivi. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 majivu yalituangukia kwa siku kadhaa. Kwenye paa la mgongo, mvua nzuri inayasukuma mpaka chini. Kwenye paa la kufichwa yanaishia katika mfereji ulio kati ya bati na ukuta, yanachanganyika na majani, yanakaa mabichi, na bati linaoza pale pale pasipoonekana. Mfereji wa nje ukiziba, unamwagikia uani. Wa ndani ukiziba, unamwagikia sebuleni.

Nyumba za mbao, ambazo bado ni nyingi sana kwetu, hata sitaki kuzijadili: ukuta wa mbao usio na upenu unaoza kuanzia chini, na kila fundi anajua.

Kwa hiyo mwenye kiwanja chembamba na ndoto ya ghorofa, afiche paa lake, simlaumu. Ila mfereji autoe nje ya ukuta, hata fundi masoni akilia kwamba anaharibu sura. Jirani yangu alikataa, akabadilisha dari mara mbili. Mwaka huu ametoboa ukuta wa mbele sehemu mbili na kutoa mabomba. Sanduku lake sasa lina pua mbili, na pipa chini ya kila pua.