Ng'ombe wa Bwana Nyama

Kuna watu hapa kijijini wanaamini kabisa kwamba hawa tembo nimewazaa mimi. Mtu anaamka asubuhi, anakuta mihogo yake imeng'olewa, halaumu jua wala mchawi, anakuja moja kwa moja mlangoni kwangu: "Bwana Nyama, watoto wako jana walikuwa kwangu." Nikienda dukani kununua vocha, muuza duka ananiuliza kwa nini siwashibishi huko huko kwao. Tembo mmoja mzima anakula kilo 150 na ushee za majani kwa siku. Mshahara wangu haujawahi kushibisha hata kuku wa mama watoto, na kuku wenyewe wanajitafutia.

Mimi ni afisa uhifadhi wa wanyamapori, ndiyo maana wananiita Bwana Nyama. Niko upande wa magharibi wa Serengeti, wilaya ya Bunda, kwenye pori la akiba ambalo silitaji jina kwa sababu kazi bado naihitaji. Ukiangalia ramani ukutani ofisini, kuna mstari. Huku pori, huku mahindi, mtama na pamba. Mstari umechorwa vizuri, vikao vimefanyika, wananchi wameonyeshwa, mihtasari imeandikwa. Tembo hawakuitwa kwenye kikao.

Ndugu zangu walioko Dar es Salaam wana picha nyingine kabisa. Wao wanajua nashinda kwenye gari la wazi, kofia pana, darubini shingoni, mzungu pembeni ananichomekea dola mfukoni. Jamani, wazungu wako huko ndani kwenye hoteli zao, na madereva wao wanaonukia marashi. Wageni wangu mimi ni mbung'o. Mbu ana adabu, anaimba kwanza ujiandae. Mbung'o anapenya suruali, soksi na uvumilivu kwa pigo moja. Wataalamu wanasema anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na anapenda kukimbiza kitu kinachotembea. Koti la mvua nililogawiwa ni la bluu. Gari letu halitembei mara nyingi, lakini siku likitembea wanalijaa kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na moja jioni.

Halafu kuna michango. Harusi ya mtoto wa binamu ikitangazwa kwenye kundi la ukoo, mimi naandikiwa laki mbili bila kuulizwa, "huyo yuko kwenye utalii." Mjomba wangu mmoja, mtu mzima, mzee wa kanisa, alinipigia saa nne usiku ananong'ona. Anataka mafuta ya simba, kidogo tu, ya kupaka dukani, biashara imelala. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu kwamba hizo ni nyara za serikali, ukikutwa nazo huna kibali unakwenda ndani. Akasema, "Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Hapa kijijini hawana shida na mafuta, wao wanataka nyama. Kila sikukuu naulizwa "vipi, Bwana Nyama, hakuna kitu?" Serikali iliruhusu mabucha ya nyamapori mwaka 2020, unanunua hadharani, unapewa risiti. Jirani yangu hilo analijua vizuri. Anasema nyama ya risiti haina ladha.

Na hiyo isiyo na risiti ndiyo inayonipeleka mahakamani. Nyumbu wanapita huku kwetu kuanzia Mei hadi Julai, zaidi ya milioni moja ukihesabu msafara wote, na mtu aliyekaa na njaa anaona mboga inatembea mbele yake. Anachoma tairi bovu, anatoa waya ule wa ndani, anafunga kitanzi kwenye mti. Tunazing'oa nyaya hizo mpaka mikono inaota sugu, na kesho yake ziko palepale. Mara mojamoja tunamkamata mwenyewe akiwa na paja begani. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu nyama haisubiri tarehe ya kesi. Inabidi ifikishwe kwa hakimu ikiwa bado nyama, tena na mtuhumiwa awepo, aione, aseme neno lake, ndipo itolewe amri ya kuiteketeza. Sasa piga picha: gari moja, barabara ya vumbi, jua la saa saba, vioo havishuki. Mimi mbele, mtuhumiwa nyuma, na nyumbu katikati yetu. Tumefika nusu ya njia, mtuhumiwa ananigusa bega kwa heshima: "Afande, mngeniacha niikaushe kwanza, tusingeteseka hivi."

Miezi inapita, nasimama kizimbani kutoa ushahidi, upande wa utetezi unanihoji.

"Shahidi, umejuaje kwamba ile ni nyama ya nyumbu na siyo ya ng'ombe?"

Nikasema kwa ngozi, kwa kwato, na kwa mkia.

"Una utaalamu wa mikia?"

Nikasema nimesoma uhifadhi wa wanyamapori Pasiansi, Mwanza.

"Sijauliza Mwanza. Nimeuliza mikia."

Kesi ikaahirishwa. Nauli ya kurudi niliitoa mfukoni mwangu, na kwenye basi nikakaa na mtuhumiwa aliyeko nje kwa dhamana. Alininunulia karanga. Ni mtu mzuri, ukimtoa na ile waya.

Mambo ya vifaa tusiyaguse sana. Siku hizi sisi ni Jeshi la Uhifadhi, tuna vyeo, tunapigiana saluti. Mama mkwe alipoona cheo begani alifurahi sana, akauliza kama kina posho. Nikabadilisha mazungumzo.

Ila hili la kola lazima niliseme. Kuna tembo jike mmoja, bibi wa ukoo, anaongoza wenzake. Watafiti walimlaza kwa dawa wakamvalisha kola inayowasiliana na setilaiti. Tangu hapo anatuma taarifa mwenyewe, saa baada ya saa: niko mtoni, niko bondeni, nasogea mashambani. Anatuma akiwa katikati ya pori, mahali ambapo mimi nikitaka kumwambia mama watoto kwamba niko hai nalazimika kupanda juu ya kichuguu na kunyoosha mkono wa kushoto. Tembo ana mtandao. Hanunui kifurushi. Mama watoto alipoambiwa habari hiyo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama ofisini ilibaki kola nyingine.

Shida ni kwamba kujua tembo alipo siyo kumzuia. Tumejaribu pilipili. Unatwanga pilipili kichaa, unachanganya na oili chafu, unapaka kwenye vitambaa na kamba za katani, unazungushia shamba. Au unachanganya na kinyesi cha tembo huyohuyo, unafyatua matofali, yakikauka unayachoma jioni, moshi ukimwingia kwenye mkonga anageuza. Inafanya kazi, siyo uongo. Inategemea upepo tu. Upepo ukigeuka, tembo anakula mahindi kwa raha zake na maafisa uhifadhi wako barabarani wanalia.

Tukaleta mizinga ya nyuki. Unaitundika kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Mnyama wa tani sita anaogopa nyuki, maana wanamchoma kwenye macho na ndani ya pua, na ile pua ni ndefu. Lakini mzinga huwezi kumlazimisha nyuki ahamie. Ya kwetu mingi ina mijusi. Na palipo na nyuki kweli, wa kwanza kuchomwa alikuwa bwana aliyetumwa na ofisi kuja kuikagua.

Basi tunabaki na tochi, honi, baruti na miguu.

Msimu uliopita, mahindi yakiwa yamekomaa, mwenyekiti wa kijiji akanipigia usiku wa manane. Wakati huo huulizi "kuna nini", unauliza "kwa nani". Tulipofika, mzee mwenye shamba alikuwa juu ya dungu lake anagonga debe, sauti imemkauka. Nikamwamkia kutoka chini gizani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wako hao. Saba."

Nikamulika. Dume kubwa lilikuwa hatua chache kutoka kwenye dungu, wala halina habari na sisi. Mkonga unazunguka shina la hindi, unang'oa na mizizi yake, halafu anaupiga ule mzizi kwenye goti la mbele, pa, pa, udongo unadondoka, ndipo anaweka mdomoni. Anahamia shina la pili. Pa, pa.

"Unaona?" mzee akasema kutoka juu. "Anakung'uta vumbi. Mimi na familia yangu vumbi tunakula."

Mafunzo yanasema tembo akitandaza masikio na kupiga kelele, mara nyingi anakutisha tu. Akiyalaza masikio na kukunja mkonga, hapo anakuja kweli. Ni mafunzo mazuri sana mchana, ubaoni, kwa chaki. Usiku, na tochi inayozimika mpaka uipige kofi, nani anakagua masikio? Tulirusha baruti, dume likageuka kutuangalia, na kila mmoja wetu akagundua ana shughuli ya haraka upande wa gari. Mzee kule juu akacheka. Ni yeye peke yake aliyecheka usiku ule, na ndiye aliyekuwa analiwa.

Waliondoka kunakaribia kucha, bibi mwenye kola mbele, polepole, kwa muda wao.

Asubuhi nikarudi na fomu. Kuna kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Jasho ni la mazao na mifugo, machozi ni ya mtu aliyeumizwa au kuuawa. Siyo fidia, na nimeisema sentensi hiyo kwa wananchi mpaka mtoto wangu wa darasa la pili anaijua kwa moyo. Kanuni zilipanga malipo kwa umbali: kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi ndivyo malipo ya ekari yalivyopanda, mpaka shilingi 100,000 kwa shamba lililo zaidi ya kilomita tano, na ulikuwa hulipwi zaidi ya ekari tano hata kama tembo wamekula kumi. Ukiwa ndani ya mita 500 kutoka mpakani, ulikuwa hupati kitu.

Nikawasha kifaa cha kupimia. Kikasema mita 480.

"Kimekosea hicho," mzee akasema. "Nilipima mwenyewe kwa hatua. Mia sita na kitu."

Nikamwambia kifaa kinazungumza na setilaiti.

"Hata yule bibi yenu anazungumza na setilaiti. Imemzuia?"

Akauliza nyani je, maana nyani nao walishapita kabla ya tembo. Nikamwambia nyani hayumo kwenye orodha ya wanyama wakali. Mzee akamwita mkewe aje asikie hilo. Mama akaja, nikamwamkia, nikarudia. Wakaangaliana. Mama akasema nyani alimnyang'anya ugali mkononi, mkononi kabisa, na kumwonyesha meno. Nikasema naelewa mama, ila orodha.

Ndipo mzee akakaa kwenye kigoda, akavuta pumzi, akaniuliza taratibu kabisa, bila hata kupandisha sauti: "Mwanangu. Ng'ombe wangu wakiingia kwako, unawakamata, unawafungia, nalipa faini kwa kila kichwa, na gharama ya kuwatunza juu yake. Ng'ombe wako wakiingia kwangu, unaniletea fomu. Hebu nieleweshe."

Nilisoma Pasiansi. Nimehudhuria semina za mahusiano na jamii. Nimewahi kupewa fulana iliyoandikwa "Uhifadhi ni Wetu Sote". Nikakohoa.

Mzee akamtuma mjukuu ndani, akaletewa daftari la shule na kalamu. Akamwamuru mjukuu aandike, yeye anatamka. Tembo saba, kuingia shambani bila kibali, tena usiku. Faini, kwa kila kichwa, kiasi kilekile tulichomtoza yeye mwaka ule. Gharama za kuwalinda kuanzia saa saba mpaka alfajiri, mlinzi mmoja, mwenye debe. Mjukuu akauliza kama debe linaandikwa kwa d moja. Mzee akaweka dole gumba kwenye wino wa kalamu aliyoivunja makusudi, akagonga chini ya ukurasa, akauchana, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mpelekee mwenye mifugo."

Mimi ni mtumishi wa umma, napokea barua ya mwananchi na kuifikisha. Nikaipeleka kwa mkubwa wangu. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi. Nilitegemea atafoka. Akasema, "Mbona haina muhuri wa kijiji? Mrudishie, taratibu zifuatwe."

Nikairudisha mpaka ofisi ya mtendaji. Akaipiga muhuri palepale, kwa nguvu zote, meza ikatikisika, halafu akaniuliza kama mbuzi wake aliyeliwa na fisi wangu mwezi uliopita anaweza kuingia kwenye karatasi hiyohiyo au aandike nyingine.