Runinga Kubwa Sebuleni: Fedha Yote Isiishie Kwenye Inchi

Ukubwa wa runinga unaohesabiwa kuwa wa kawaida katika nyumba za Mwanza umebadilika kwa kasi. Familia zilizoanza na runinga ya chogo ya inchi 21, zikahamia kwenye kioo bapa cha inchi 32 au 43, sasa zinaulizia inchi 65 na 75 katika maduka ya katikati ya jiji, na wapo wanaotaka sebule yao iwe ukumbi mdogo wa sinema. Naunga mkono hamu hiyo bila kusita. Mpira na filamu hupendeza zaidi vikitazamwa katika picha inayojaza macho, na AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuiandaa kwa pamoja, ni sababu njema ya kuanza kuweka akiba. Ninachokipinga ni desturi ya kumaliza bajeti yote kwenye inchi, kana kwamba mwanga wa chumba, sauti na umeme ni mambo ya kutazamwa baadaye. Maoni yangu ni kwamba theluthi moja ya fedha iliyotengwa ibaki kwa ajili ya hayo matatu, hata kama itamlazimu mnunuzi kushuka ngazi moja ya ukubwa.

Nianze na ukubwa wenyewe, kwa kuwa ndio unaouzwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili, na kwa hiyo huficha ongezeko halisi. Runinga ya inchi 43 ina upana wa takribani sentimita 95, ya inchi 65 ina sentimita 144, na ya inchi 75 ina 166. Anayetoka 43 kwenda 65 anapata eneo la picha zaidi ya mara mbili, na hata anayetoka 55 kwenda 65 anaongeza takribani asilimia 40. Kinachoamua kama ongezeko hilo linafaa ni umbali kati ya macho na kioo, na umbali huo haupimwi dukani. Kipimo kinachotumika sana katika fani ya sinema ni kwamba picha ijaze walau nyuzi 30 za upeo wa macho, ambapo kwa inchi 65 mtazamaji huwa mita 2.6 kutoka kwenye kioo, kwa inchi 75 mita 3, na kwa inchi 85 mita 3.5. Katika nyumba mpya za Buswelu au Nyegezi, ambako makochi mara nyingi hukaa mita tatu na nusu kutoka ukutani, inchi 75 si anasa, ni kipimo halali. Katika chumba cha kupanga kule Mabatini au Igogo, ambako kochi liko mita mbili tu kutoka kwenye kioo, inchi 50 hutoa hisia ileile ya sinema, na fedha inayobaki ina kazi nyingine nzuri zaidi.

Baada ya ukubwa huja swali la kile kitakachoonyeshwa. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na Mwanza ikafuata mwaka 2013, na tangu hapo wengi wameamini kwamba matangazo ya dijitali ni sawa na picha kali. Sivyo. Chaneli nyingi bado hurushwa kwa ubora wa chini, wenye pikseli (nukta za picha) zipatazo 415,000 kwa kila picha, wakati Full HD ina pikseli milioni 2 na kioo cha 4K kina milioni 8.3. Kwa hiyo chaneli ya namna hiyo ikifika kwenye runinga ya 4K, kila pikseli moja iliyorushwa inabidi itandazwe kwenye takribani pikseli 20 za kioo, na kazi ya kujaza pengo hilo hufanywa na prosesa ya runinga yenyewe. Runinga ya bei rahisi yenye inchi nyingi na prosesa dhaifu huonyesha nyuso kama zimefunikwa na ukungu, na kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa ndivyo kasoro inavyoonekana. Kabla ya kulaumu kioo, hata hivyo, tazama waya. Nyumba nyingi bado zimeunganisha king'amuzi kwa zile waya tatu za AV, nyekundu, nyeupe na njano, ambazo haziwezi kabisa kupitisha picha ya HD. Waya ya HDMI, pamoja na kuweka king'amuzi chenyewe kitoe picha ya 1080, yaani Full HD, hubadilisha sura ya mechi kwa gharama ndogo sana.

Kwa upande wa intaneti, Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya 4K, na saa moja ya kutazama inaweza kula gigabaiti 7. Mwenye faiba hatasumbuka. Anayetegemea bando la simu atatazama Full HD, na sioni kwamba amepoteza kitu kikubwa. Ukikaa mbali zaidi ya mita 2.6 kutoka kwenye runinga ya inchi 65, jicho la kawaida haliwezi kutofautisha pikseli za Full HD, seuze zile za 4K. Runinga za 8K, zenye pikseli milioni 33, siwezi kumshauri yeyote wa kanda hii azinunue kwa sasa, kwa sababu hakuna chaneli anayoipata itakayozitumia.

Mwanga, kwa mtazamo wangu, ndio unaopaswa kuongoza uchaguzi wa aina ya kioo, na hapa mji wetu una mambo yake. Ghuba ya Mwanza iko upande wa magharibi wa jiji, na anayejenga Bwiru, Kapripointi au juu ya miamba ya Isamilo huweka dirisha kubwa lielekee ziwa, jambo ambalo mimi pia ningelifanya. Lakini saa kumi jioni, wakati mechi nyingi za Ligi Kuu zinapoanza, jua liko upande huohuo, na mwanga hauji kutoka angani peke yake bali pia unaruka kutoka juu ya maji. Runinga ikitundikwa ukuta unaotazamana na dirisha hilo hugeuka kioo cha kujitazamia. Hakuna teknolojia inayolimaliza tatizo hili kikamilifu. OLED, ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake na huweza kuzimika kabisa, ina weusi wa kweli na inapendeza mno usiku, lakini mwanga wake kwa jumla ni mdogo kuliko wa LED nzuri, yaani kioo kinachoangazwa na taa zilizo nyuma yake, na nembo za chaneli zinazokaa mahali pamoja kwa saa nyingi kila siku zinaweza kuacha alama ya kudumu. LED yenye taa nyingi ndogo nyuma ya kioo, ile inayouzwa kwa jina la mini-LED, hustahimili mchana vizuri zaidi. Ushauri wangu ni kutundika runinga kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, kisha kununua pazia zito lenye kitambaa cha kuzuia mwanga kabla ya kufikiria kioo cha gharama kubwa. Pazia hilo pia huwazuia wale wadudu wadogo wa ziwani ambao hufuata mwanga usiku na kunasa kwenye kioo. Wakinasa, wafutwe kwa kitambaa laini kikavu, kwa kuwa dawa za kusafishia madirisha huharibu utando unaopunguza mng'ao.

Jambo la pili la mwanga linahusu namna tunavyokaa. Maelezo mengi ya runinga huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya kioo, katikati kabisa. Sebule zetu hazipangwi hivyo. Makochi huzunguka kuta tatu, meza iko katikati, na siku ya mechi kubwa kuna majirani, watoto wameketi chini kwenye zulia, na mgeni wa heshima mara nyingi amepewa kiti cha pembeni ambako picha ni mbaya kuliko kote. Vioo vya LED vya aina ya VA vina weusi mzuri lakini rangi zake hupauka ukitazama kutoka pembeni. Vya aina ya IPS huhifadhi rangi kwa upana zaidi ingawa weusi wake huonekana wa kijivu gizani. OLED huwatendea haki wote. Kwa hiyo dukani usisimame mbele ya runinga peke yake. Tembea mpaka ubavuni, chuchumaa, tazama kutoka mahali ambapo bibi yako atakaa. Kwa familia inayokaribisha watu, ningechagua inchi 65 inayoonekana vizuri kutoka pande zote na kuiacha inchi 75 inayomfurahisha aliyekaa katikati tu.

Kuhusu sauti nasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa kuliko yote. Runinga za sasa ni nyembamba kiasi kwamba spika zake hazina nafasi, na nyingi zimeelekezwa chini au nyuma. Ukiongeza sakafu ya vigae, dari ya jipsamu na madirisha ya vioo, sauti inaruka huku na huko mpaka maneno yanachanganyikana. Kisha masika yanafika, mvua inapiga bati, na tamthilia iliyotiwa sauti ya Kiswahili inageuka kuwa midomo inayofunguka na kufumba. Wengi hutibu hali hii kwa kununua sabufa kubwa, nami naona hilo ni kosa la mpangilio: besi huongeza mtetemo na haiongezi usikivu wa maneno, nayo huwasumbua majirani katika vilima ambako nyumba zimebanana. Maneno ya filamu kwa kawaida hutoka kwenye spika ya katikati, kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni saundi ba (spika ndefu ya kuweka chini ya runinga) au mfumo wenye spika ya katikati ya kweli, uliounganishwa kupitia tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ambalo limekuwepo tangu mwaka 2009 na hukuwezesha kutumia rimoti moja. Mwenye uwezo na nafasi ya spika tano na sabufa aziweke zile mbili za mbele nyuzi 30 kushoto na kulia kwa mtazamaji, na za nyuma ziwe ubavuni, nyuma kidogo ya masikio. Kabla ya yote hayo, zulia nene na makochi ya kitambaa hupunguza mwangwi kwa kiasi ambacho spika za gharama haziwezi.

Umeme sitauzungumzia kwa kirefu. Runinga ya LED ya inchi 65 hutumia takribani wati 100 hadi 150, kwa hiyo saa tano kwa siku kwa wastani wa wati 120 ni uniti 18 kwa mwezi, mzigo ambao familia nyingi zitaumudu. Hatari iko kwenye kupanda na kushuka kwa umeme, na zaidi kwenye radi. Ziwa Victoria ni moja ya maeneo yenye radi nyingi duniani. Usiku upepo kutoka nchi kavu pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kuzalisha dhoruba. Tivii gadi husaidia dhidi ya umeme unaorudi kwa nguvu, lakini radi inayopiga karibu haizuiliki nayo, na mara nyingi huingia kupitia waya wa dishi ambao watu husahau kuuchomoa. Wanaoishi juu ya miamba wana tatizo la ziada, kwa kuwa fimbo ya ethi, ile inayopeleka umeme ardhini, haishuki kwenye jiwe. Mwambie fundi atafute mahali penye udongo, hata kama itabidi waya uende mbali, na aongeze fimbo ya pili.

Katika kununua kwenyewe, jihadhari na runinga zilizoandikwa smati kwa herufi kubwa ilhali kioo chake ni HD Ready chenye pikseli 1366 kwa 768. Usmati ni uwezo wa kuingia intaneti, hauhusu ubora wa kioo. Omba iwashwe, ifunguliwe menyu, na ionyeshwe chaneli ya kawaida badala ya ile video ya maua na maporomoko iliyoandaliwa kwa ajili ya duka. Madukani picha huwekwa katika hali ya kung'aa kupita kiasi. Ukifika nyumbani chagua hali ya sinema, na kwa filamu zima kile kipengele kinacholainisha mwendo, kwa sababu filamu hurekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde na kuzilainisha huzifanya zifanane na habari za saa mbili. Kwa mpira unaweza kukiacha kidogo.

Runinga ya inchi 75 ina uzito wa kilo 30 au zaidi, na kuna mitaa ya vilimani ambako gari haliingii. Hakikisha wabebaji wanaipandisha ikiwa imesimama wima ndani ya boksi lake, wawili hadi watatu, kwa sababu kioo kikubwa kikilazwa hupinda na kupasuka kwa ndani bila alama nje. Ukutani itundikwe chini kuliko tulivyozoea, katikati ya kioo pakiwa usawa wa macho ya aliyeketi, yaani mita moja na kidogo kutoka sakafuni, na kama ukuta ni wa tofali zenye matundu, fundi atumie nanga zinazofaa badala ya misumari ya kawaida. Iwasheni mbele ya aliyeileta, mkiweka picha nyeupe tupu na kisha nyeusi tupu ili mikwaruzo na madoa yaonekane, na waranti ipigwe mhuri wa duka siku hiyohiyo.