Mtambo wa Hale usipimwe kwa kilowati

Kila biogesi, yaani gesi ya kuwaka inayotokana na taka zinazooza, inapozungumzwa mkoani Tanga, mfano unaotajwa kwanza ni wa Hale, wilayani Korogwe, ambako katika miaka ya 2000 kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO (shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda) na wafadhili wengine, ilijenga mtambo wa majaribio wa kufua umeme wa kilowati 150 kutokana na mabaki ya mkonge. Wakosoaji nao wana jibu lililo tayari: hapo hapo Hale kuna kituo cha umeme wa maji ya mto Pangani chenye uwezo wa megawati 21, na mtambo ule haufikii hata asilimia moja yake. Hesabu yao ni sahihi, ila wamepima kisichohusika.

Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, hutoa singa (nyuzi) zenye uzito wa takribani asilimia 4 tu ya jani zima. Kwa kipimo hicho, kila tani ya singa inayofungwa robota huacha nyuma tani 24 hivi za nyama ya jani na maji yake, bila kuhesabu maji ya kuoshea. Mabaki hayo yakirundikwa kwa kina kirefu, yakiwa mabichi na katika joto la pwani, hewa haifiki ndani, na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni huanza kuyavunja na kutoa methani, gesi inayowaka ambayo ndiyo kiini cha biogesi. Rundo hilo, kwa maneno mengine, tayari ni mtambo wa biogesi, ila hauna kifuniko.

Hapo ndipo swali la watu wengi hujitokeza, nalo si la kipuuzi: gesi hiyo ikikusanywa, si itachomwa na kutoa hewa ukaa vilevile? Itatoa. Kilo moja ya methani ikiungua hutoa kilo 2.75 za hewa ukaa, na kaboni iliyomo ni ile ile ambayo mkonge uliivuta kutoka angani miaka michache tu nyuma. Lakini kilo hiyo hiyo ikiachwa ipae bila kuchomwa, katika kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto sawa na kilo zipatazo 28 za hewa ukaa, na tukipunguza kipindi kuwa miaka 20 tofauti hupanda hadi zaidi ya mara 80, kwa sababu methani hudumu angani kwa miaka 12 hivi na hufanya madhara yake mapema. Wanaopanga sera hupenda kipimo cha miaka 100. Mkulima wa Muheza anayetazama vuli ijayo ana haki ya kuuliza kuhusu hiyo 20. Kwa vyovyote vile, faida kubwa kwa tabianchi hupatikana pale methani inapoungua, hata kama jenereta ni bovu na gesi inateketezwa tu kwenye bomba la moto. Umeme ni nyongeza.

Pingamizi lenye uzito ni la uvujaji. Kuba la mtambo wa biogesi lililopasuka nyumbani kwa mfugaji, au bwawa la tope linalotoka mtamboni lililoachwa wazi huku tope likiendelea kuchacha, huweza kurudisha angani sehemu ya kile kilichokusudiwa kuzuiwa. Zaidi ya hapo, si kila taka ingetoa methani. Mabaki ya mboga kutoka soko la Mgandini jijini Tanga yakienda kufukiwa dampo yataitoa. Yakigeuzwa mboji kwa kupinduliwa mara kwa mara ili yapate hewa, yatatoa kidogo sana, na hapo mtambo unaovuja ungekuwa umeongeza gesijoto badala ya kuipunguza. Wapenzi wa biogesi hawapendi kulisema hili. Hata hivyo, hoja hiyo inadai ujenzi bora, ukaguzi na uchaguzi wa taka zinazofaa. Kwa rundo la mkonge, ambalo linachacha lenyewe usiku na mchana, haitoi sababu ya kuliacha lilivyo.

Kuna pia tope linalobaki, ambalo huhifadhi naitrojeni, fosforasi na potasiamu na linaweza kurudi shambani. Hilo halibishaniwi sana.

Kinachobishaniwa ni nani alipe. Mwenye shamba hulipwa kwa singa, na pengine kwa umeme akiuuza, lakini hakuna anayemlipa kwa methani isiyopaa. Kwa hiyo siku injini inapoharibika, kwake mtambo mzima umekufa, na mabaki hurudi kwenye rundo. Wakati huo huo nchi ilijiwekea lengo la kuzalisha tani 120,000 za singa kwa mwaka ifikapo 2025, ambazo kwa hesabu ya hapo juu zingeacha karibu tani milioni 2.9 za mabaki. Kibali cha kila korona mpya kingeweza kudai mambo mawili yasiyohitaji hata waya mmoja wa umeme: mabaki yafunikwe, na gesi yake ipimwe na kuteketezwa. Atakayetaka kufua umeme juu ya hapo aachiwe uamuzi wa kibiashara.