Magari 23 kwa Duma Mmoja

Niliyahesabu. Nilipofika 20 nikadhani nimerudia, nikaanza upya na lile la kaki lililopandisha tairi moja kwenye kichuguu. Bado yakawa 23. Katikati yao, kwenye kipande cha nyasi kisichozidi uwanja wa netiboli, duma jike na watoto wake watatu.

Ilikuwa Seronera, katikati ya Serengeti, saa mbili asubuhi. Tulikuwa kwenye gari la kuchangia, mimi na binti wa kaka yangu, pamoja na familia moja ya wageni. Redio ya gari ikakoroma kwamba duma kaonekana, dereva akageuza gari bila kumuuliza mtu, tukaenda kwa mwendo ambao nina shaka kama ndio ule wa kilomita 50 kwa saa tulioagizwa.

Yule mama duma alikuwa anawinda. Kichwa chini, mabega yamechomoza, macho hayabanduki kwa swala tomi mmoja aliyejitenga na wenzake. Simba anaweza kungoja giza limfiche. Duma kwa kawaida huwinda mchana, na mbio zake zote tunazozisifia ni za mita mia chache tu, kisha pumzi inamwishia. Kwa hiyo lazima anyatie mpaka awe karibu. Haya, nyatia basi, na dizeli inanguruma kila upande, na baba mzima amesimama juu ya kiti, kifua nje ya paa, anapiga mluzi ili mnyama ageuke amtazame! Magari mawili yakaacha barabara yakamkata kwa mbele. Swala akainua kichwa, akatimka. Duma akaketi. Na watu, Mungu wangu, wakafurahi, kwa sababu sasa katulia na picha inatoka vizuri.

Nikamwambia dereva, "Kaka, tuondoke." Akanijibu taratibu, asisikike nyuma: "Dada, mimi ningeshaondoka. Hawa wakirudi bila picha ya karibu, bosi ataniuliza mimi." Bakshishi hakuitaja. Hakuhitaji. (Wenyewe wanajiita dereva-gaidi, kutoka "driver-guide" ya Kiingereza, na mpaka siku ile jina hilo lilikuwa linanichekesha.)

Mtaniambia nimezidisha huruma, duma kukosa swala mmoja si msiba. Mwaka 2018 mtafiti Femke Broekhuis alichapisha hesabu za duma wa Masai Mara, majirani zetu hapo ng'ambo ya mpaka. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, jike alifanikiwa kukuza wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao. Kwenye watalii wachache, 2.3. Soma tena hiyo ya kwanza. Mazao matano, anasalimika mtoto mmoja. Fisi na simba wanawaua watoto wa duma, najua, msinifundishe. Lakini fisi na simba wapo hata kule ambako magari ni machache.

Nakubali, shingo upande, kwamba fedha ya mtalii ndiyo inayosaidia kumlipa askari wa hifadhi. Na kanuni tunazo: katikati ya Serengeti huruhusiwi kuacha barabara, Mara nako wameweka kikomo cha magari matano kwa mnyama. Zimechapwa vizuri sana.

Kinachonikera hasa ni hili neno "karibu". Kila tangazo la safari, karibu na simba, karibu na tembo, kana kwamba thamani ya mnyama inapimwa kwa futi. Usiku uleule tembo alipita nyuma ya hema letu. Hatukumwona hata mkia. Tulisikia tawi likivunjika, kisha tumbo lake likinguruma taratibu kama mtungi unaojazwa maji, na harufu ya mavi mabichi ikaingia mpaka ndani. Binti wa kaka alinishika mkono hadi kucha zikaacha alama. "Shangazi, anajua tuko humu?" Nikamwambia anajua. Alikaa alivyotaka, akaondoka alipotaka, na hakuna aliyempigia mluzi. Picha hatuna. Mtoto hadi leo anasimulia habari za tembo huyo asiyeonekana, na duma aliyempiga picha 43 hamtaji kabisa.

Au labda hataki kumtaja. Tulipokuwa tunaondoka pale aliniuliza kama wale watoto watakula nini. Nikajifanya natafuta kofia.

Mwakani tunarudi, Mungu akipenda. Nitakodi gari letu wenyewe hata kama itabidi niuze kitanda. Na bakshishi ya dereva nitamkabidhi getini, kabla hatujamwona hata nyani, nimwambie: kaka, hii ni yako yote. Ukiona magari yamezidi matano, pita.