Kusafishwa meno kila miezi sita: nani anahitaji?

Kliniki nyingi za meno jijini Nairobi huwatumia wateja wao ujumbe unaofanana: miezi sita imekwisha, njoo usafishwe meno. Huduma hiyo huanzia takriban shilingi 3,000, na kwa familia ya watu wanne wasio na bima hiyo ni pesa nyingi. Ni haki kuuliza miezi sita ilitoka wapi, na kama kila mdomo unaihitaji.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Mwaka 2018 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima matokeo ya tafiti za tiba, lilichapisha tathmini ya majaribio mawili yaliyofanyiwa watu wazima 1,711 katika kliniki za kawaida nchini Uingereza. Waliosafishwa kwa ratiba walilinganishwa na wasiopangiwa ratiba yoyote, wakafuatiliwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Kuvimba na kutokwa damu kwenye fizi hakukutofautiana, au kulitofautiana kidogo mno. Ugaga, yaani uchafu uliogeuka mgumu kwenye meno, ulipungua kiasi, na waliosafishwa walijihisi wasafi zaidi, basi. Hata mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2004 kuhusu kumwona daktari wa meno haukushikilia miezi sita. Ulisema mtu mzima arudi baada ya miezi 3 hadi 24, kulingana na hatari aliyo nayo.

Lakini tazama ni akina nani waliochunguzwa. Hawakuwa na ugonjwa mkali wa fizi, na tayari walikuwa na mazoea ya kwenda kwa daktari wa meno. Nairobi, wengi huingia kliniki siku jino linapouma, mara nyingi ili ling'olewe. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta takriban asilimia 98 ya Wakenya watu wazima wakitokwa na damu kwenye fizi. Tathmini ile haimhusu mtu mwenye umri wa miaka arobaini ambaye hajawahi kusafishwa meno hata mara moja. Kumwambia huyo kwamba kusafishwa hakuna faida ni kuutumia ushahidi mahali usipofika.

Utando laini wa bakteria ukikaa kwenye jino siku moja hadi tatu huanza kushika madini ya mate, ukawa ugaga. Hujaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa sababu matundu ya mate yako hapo karibu. Ukishakuwa mgumu, mswaki hauutoi, wala mkaa, wala magadi. Ubaya wake ni kwamba uso wake unakwaruza na hushikilia bakteria hai pembeni mwa ufizi. Bakteria hao ndio wanaochokoza ufizi. Mwaka 1965 mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaachisha watu wenye fizi nzima kupiga mswaki. Fizi zikavimba ndani ya siku 10 hadi 21, kisha zikapona kwa takriban wiki moja walipourudia mswaki. Kwa hiyo anayesafishwa leo na kurudi kwenye mswaki wa haraka haraka, bila kupitisha uzi katikati ya meno, faida yake huisha mapema sana.

Kasoro ninayoiona mbaya kuliko zote ni usafishaji wa juu juu: dakika kumi za mashine, dawa ya kung'arisha, lipa uende. Kabla ya kugusa ugaga, daktari anapaswa kuingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino, huku akimtajia msaidizi namba: mbili, tatu, mbili. Milimita 1 hadi 3 ni sawa. Kuanzia 4, hasa panapotoka damu, kuna mfuko, yaani pengo lenye kina kati ya jino na ufizi, ambao mswaki haufiki chini yake. Mfuko wa milimita 5 au 6 huhitaji picha ya eksirei kuona mfupa, sindano ya ganzi, na kusafishwa kwa mizizi chini ya ufizi, pengine kwa miadi miwili au zaidi. Ukisafishwa juu tu, meno yatapendeza huku mfupa ukiendelea kuliwa.

Malalamiko kwamba kusafishwa hulegeza meno yanatokana na hapo. Mfupa ulishapungua, ugaga ulikuwa umeyashikanisha meno na uvimbe umeziba mapengo. Vikiondoka, mtu huona nafasi na huhisi baridi kwenye mizizi, kwa kawaida kwa siku chache. Dawa ya meno yenye floridi husaidia.

Jambo jingine hapa kwetu ni madoa ya kahawia ya waliokulia Bonde la Ufa, au walionyweshwa utotoni maji ya visima virefu yenye floridi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha miligramu 1.5 kwa lita. Madoa hayo yamo ndani ya jino tangu lilipokuwa likiumbika. Kusafishwa huondoa madoa ya chai, miraa na sigara. Haya hayatoki, na kumtoza mtu pesa kwa ahadi kwamba yatatoka ni kumdhulumu.

Kwa hiyo kwanza lipia kupimwa, uombe nakala ya namba zako. Mwenye milimita 1 hadi 3 kote, asiyevuta sigara na asiyetokwa damu, mwaka mmoja au zaidi unamtosha. Aliyetibiwa mifuko, mwenye kisukari au mvutaji arudi hata kila miezi mitatu. Aliyewekewa vali bandia ya moyo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aseme hivyo siku anapoomba miadi, kwa kuwa huenda akahitaji antibayotiki au vipimo vya damu kwanza. Anayebanwa na gharama aulizie Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao. Mgonjwa hukaa muda mrefu kwenye kiti, lakini kupima fizi ni sehemu ya masomo yao.