Kuuona utando wa seli: Dodoma inunue hadubini au ijenge ujuzi?

Kati ya watu wanaofundisha na kusomea baiolojia hapa Dodoma, suala la hadubini mpya, zile zinazovuka mpaka wa kawaida wa mwanga, huwagawa watu haraka. Wapo wanaosema mji wenye chuo kikuu kinachofundisha udaktari na hospitali kubwa ya rufaa hauwezi kuendelea kutazama picha za wengine vitabuni. Wapo wanaosema fedha zote ziende zahanati, ambako mtaalamu wa maabara bado anatafuta vimelea vya malaria kwa lenzi iliyochakaa. Hoja zote mbili zina uzito. Shida yangu ni kwamba zote zinaanzia kwenye bei ya mashine, kabla hata hatujaulizana tunataka kuona nini.

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba hadubini ya mwanga, hata lenzi zake zikiwa safi namna gani, haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga. Kwa mwanga tunaouona, hiyo ni kama nanomita 200 (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, una unene wa nanomita 5 hadi 10 tu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, hadubini ya mwanga ilituonyesha utando kama mstari uliofifia. Hadubini ya elektroni iliona zaidi, lakini seli inayowekwa humo huwa imekaushwa au imegandishwa. Haiishi tena.

Mpaka huo ulizungukwa kwa njia mbili kuu. Stefan Hell alipendekeza mwaka 1994 kwamba, sampuli iliyotiwa rangi ing'aayo ikimulikwa na leza, leza ya pili, yenye umbo la duara lililo tupu katikati, izime mwanga wa pembeni ili kitovu peke yake kibaki kinang'aa. Njia ya pili ilitegemea molekuli moja moja. William Moerner alikuwa ameweza kuipima molekuli moja kwa mwanga mwaka 1989, na Eric Betzig akaitumia hoja hiyo kupiga picha mwaka 2006. Fikiria umesimama kilimani usiku ukitazama kijiji cha mbali upande wa Hombolo: taa zote zikiwaka pamoja unaona wingu moja la mwanga, lakini zikiwashwa chache kwa zamu unaweza kuweka alama mahali pa kila moja, na mwisho unapata ramani ya kijiji kizima. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014.

Je, hayo yanatuhusu? Yanatuhusu sana, na mfano wa kwanza uko Kongwa. Wilaya hiyo imechunguzwa kwa miaka mingi kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Bakteria huyo anapoambukiza ana kipenyo cha karibu nanomita 300, yaani hajauzidi sana ule ukungu wa hadubini ya kawaida. Akiingia ndani ya seli hujificha kwenye mfuko wa utando, kisha hupachika protini zake kwenye utando wa mfuko huo na kupitia humo huelekeza shughuli za seli kwa faida yake. Anayetaka kujua protini hizo zimepangwa vipi hawezi kukwepa hadubini za aina hii.

Mfano wa pili ni selimundu. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huo. Chini ya utando wa chembe nyekundu kuna wavu wa protini unaoiwezesha kujikunja na kupita kwenye mishipa myembamba. Picha za zamani za elektroni, zilizopigwa baada ya wavu kutandazwa, zilionyesha kwamba kutoka fundo hadi fundo ni karibu nanomita 200. Mwaka 2018 watafiti waliotumia njia ya kuwasha molekuli kwa zamu walipima wavu huo katika hali yake ya asili, wakapata kama nanomita 80. Tofauti hiyo si ndogo. Ukikosea kipimo cha wavu, unakosea pia hesabu ya namna chembe inavyonyumbulika.

Hata hivyo, wanaopinga wana ushahidi mzito kuliko hoja ya bei wanayoipenda. Trakoma ya Kongwa haikusubiri mtu aone protini za utando. Utafiti wa vijiji vya huko uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba dawa ya macho ikifuatwa na uhamasishaji wa kunawisha watoto nyuso, trakoma kali hupungua. Maji na dawa vilifanya kazi hiyo.

Tena, mojawapo ya ugunduzi mkubwa wa utando wa seli kutoka Afrika Mashariki haukuhitaji mashine hizi. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi na watu wa Kilifi, Kenya, walionyesha kwa nini wenye aina ya damu iitwayo Dantu hukingwa dhidi ya malaria kali: utando wa chembe zao nyekundu umekazwa zaidi, kimelea kinashindwa kuupenya. Walirekodi video za vimelea vikivamia chembe hai, kisha wakakokotoa mkazo wa utando kutokana na jinsi unavyotikisika. Swali zuri, sampuli za watu waliojulikana vizuri, na hesabu. Kwangu mimi huo ndio ushahidi unaopaswa kutufanya tufikiri upya.

Kuna pia suala ambalo pande zote mbili hulipitia juu juu: picha hizi zinaweza kudanganya. Molekuli moja ya rangi inaweza kuwaka, kuzima, kisha kuwaka tena, na programu ikaihesabu kama molekuli kadhaa. Hapo unaandika kwamba umegundua kundi la protini kwenye utando, kumbe ni protini moja. Kemikali zinazotumika kuikaza seli isibadilike kabla ya kupigwa picha hukamata protini vizuri, lakini lipidi nyingi (mafuta yanayojenga utando) na baadhi ya protini za utando huendelea kutembea. Njia ya molekuli moja moja huhitaji maelfu ya picha, zinazochukua sekunde nyingi au dakika, ilhali lipidi huvuka nanomita 200 ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Leza kali za njia ya Hell nazo huchosha rangi na zinaweza kuiumiza seli hai. Mgogoro wa miaka mingi kuhusu visiwa vidogo vya lipidi kwenye utando, kama vipo na vina ukubwa gani, umeendelea hata baada ya mashine hizi kuja.

Sasa bei. Mashine kamili hugharimu dola laki kadhaa, nyingine zaidi. Juu ya hapo kuna mkataba wa matengenezo, vitendanishi vinavyotakiwa kukaa kwenye baridi muda wote, umeme usioyumba, chumba kisicho na mtikisiko, na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi. Nchi maskini zina maabara nyingi zenye vifaa ghali vilivyofunikwa turubai kwa sababu kipuri kimoja hakikupatikana. Sitaki kuona hilo hapa.

Ndiyo maana navutwa na njia iliyotangazwa mwaka 2015, ambayo badala ya kuboresha lenzi huivimbisha sampuli. Seli hujazwa jeli ya jamii ile ile ya kemikali inayofyonza mkojo kwenye pampasi. Ukiongeza maji, inatanuka kama mara nne kila upande, na hadubini ya kawaida ya rangi zing'aazo inaweza kuona kilichokuwa kimejificha. Ina udhaifu wake, tena hasa kwenye utando, maana lipidi nyingi hupotea katika maandalizi isipokuwa utumie kemikali maalumu za kuzishikilia. Lakini mwanafunzi anaijifunza kwa mikono yake, akikosea anarudia bila kuvunja kitu cha mamilioni, na programu ya bure kama ImageJ inatosha kuanza kuchambua picha. Kwa kazi inayodai zaidi, Cape Town kuna kituo cha hadubini kinachowapokea watafiti wa Afrika bila kuwatoza ada.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: fedha za mwanzo ziende kwa watu wawili watatu wa kuandaa sampuli na kuchambua picha, hadubini moja imara ya rangi zing'aazo, na sampuli za selimundu zilizotunzwa kwa ridhaa ya wagonjwa. Ningeunga mkono ununuzi wa mashine kubwa siku watu hao watakapoleta swali kuhusu utando wa chembe za wagonjwa wetu ambalo wamelijaribu kwa jeli, wamelipeleka Cape Town, na wakarudi na orodha ya vipimo vinavyotakiwa kufanywa kila wiki, si mara moja kwa mwaka.