Ndoa ya Peter Parker: haikuvunjika, ilifutwa

Kati ya magharibi na isha, baraza yetu ya Kibokoni, Mombasa, huwa na mada tatu: siasa za kaunti, mpira wa Uingereza, na habari za watu wasiokuwapo. Juzi mada ya tatu ilimeza zile mbili, na mtu asiyekuwapo alikuwa Peter Parker, yule kijana wa New York anayevaa kinyago na kuitwa Spider-Man. Rafiki yangu mmoja, fundi wa simu, alisema kwamba kumwoza Peter lilikuwa kosa tangu siku ya kwanza na kwamba Marvel, wachapishaji wa katuni zake, walifanya vyema kuiondoa ndoa ile. Ami mmoja, mstaafu wa bandari ambaye alikuwa akisoma katuni hizi kabla sisi hatujazaliwa, aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Wameiondoa vipi? Alimpa talaka?"

Hakuna aliyekuwa na jibu fupi, kwa sababu talaka haikuwapo.

Kwa asiyefuata, mambo yalikwenda hivi. Spider-Man alitokea mara ya kwanza mwaka 1962 katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, kazi ya Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Peter ni yatima aliyelelewa na ami yake Ben na mkewe, Bi May. Mwaka 1987, baada ya robo karne ya kuhangaika na kodi ya nyumba na mabinti, akamwoa Mary Jane Watson. Marvel waliifanya shughuli kweli: waigizaji walivaa mavazi ya maharusi katika uwanja wa Shea huko New York mbele ya mashabiki wa besiboli, na Stan Lee mwenyewe ndiye aliyewafungisha. Ndoa ikadumu miaka 20 vitabuni. Kisha, mwaka 2007, ikaja hadithi ya matoleo manne iitwayo One More Day. Bi May amepigwa risasi na yuko mahututi. Mephisto, ambaye hata ukimpamba kwa jina gani ni shetani tu, anakuja na biashara: nitamponya mama huyu, nanyi nipeni ndoa yenu. Peter na Mary Jane wanakubali. Asubuhi Peter anaamka kwa Bi May, kapera, na hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuwa na mke. Hata yeye hakumbuki.

Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lake la pili: "Shujaa gani huyo anayekwenda kwa shetani?"

Nataka kuwatendea haki wenye kitabu, maana hoja yao si ya kipuuzi. Joe Quesada, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel na ndiye aliyeichora hadithi ile, alieleza mara nyingi kwamba mume mtulivu anamzeesha Peter na kuwafungia watunzi milango. Spider-Man alipendwa kwa kuwa ni kijana asiyejiweza: amechelewa kazini, hana nauli, na msichana anamsubiri penye miadi ambayo hataifikia. Ukimpa mke mrembo anayeishi kwa uanamitindo na kumsubiri nyumbani, nusu ya shida imekwisha. Na kwa nini wasimpe talaka tu? Quesada alikuwa na jibu hapo pia: mtalaka au mjane ni mzee kuliko hata mume. Kwa hiyo iliyobaki ni kufuta.

Fundi wa simu anaongeza hoja ambayo Quesada asingeweza kuitoa, kwa sababu hajawahi kununua katuni Mombasa. Sisi, anasema, hatujawahi kuwa na mfululizo. Nani kati yetu alisoma toleo la 300, kisha la 301, kisha la 302? Zilikuja kama mitumba inavyokuja. Muuza vitabu vya zamani anatandaza turubai pembeni mwa barabara, na humo mna toleo moja la mwaka 1979, matatu ya 1991, na moja lisilo na jalada. Katika moja Peter ana mke, katika jingine analia kaburini kwa msichana mwingine. Tulijaza mapengo wenyewe kwa kubahatisha, na bado tulimpenda. Basi pengo moja zaidi linatuumiza nini?

Ni hoja nzuri na ilininyamazisha kwa muda wa kashata nzima.

Na kuna jambo jingine la upande wake, ambalo mashabiki wenye hasira hulisahau. Hasira ya msomaji si mizani. Juni 1973, katika toleo la 121 la The Amazing Spider-Man, Green Goblin, adui wa Spider-Man, alimtupa Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, kutoka juu ya daraja, na binti akafa. Wasomaji walichachamaa, barua za lawama zikamiminika. Leo hadithi hiyohiyo inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za Marvel. Mwaka 1984 walimbadilishia Peter mavazi kutoka nyekundu na buluu yakawa meusi tititi, na hapo pia kelele zikapigwa. (Kwetu Mombasa hilo lisingemtisha mtu. Mtu-Buibui kuvaa nyeusi, kuna ajabu gani? Marehemu nyanya yangu alivaa buibui jeusi maisha yake yote na hakuna aliyeandika barua.) Kutoka mavazi yale akazaliwa Venom, adui wake, ambaye leo ana filamu zake mwenyewe. Na mwaka 2011, Peter wa mfululizo wa Ultimate, ambao ni hadithi ya pembeni yenye Peter wake mwenyewe, alipouawa na nafasi yake ikachukuliwa na Miles Morales, kijana mwenye baba Mmarekani mweusi na mama wa Puerto Rico, wapo waliosema Spider-Man amekwisha. Mpwa wangu wa miaka 14 hamjui Spider-Man mwingine aliye wake kama Miles. Hilo silizungumzi zaidi, limejibiwa.

Kwa hiyo, kama mabadiliko hayana ubaya na hasira hupoa, mbona ndoa hii haipoi? Ni karibu miaka 20 sasa tangu ifutwe na bado watu wazima wanainuka barazani kwa ajili yake.

Nadhani jibu lilikuwa katika swali la ami kuhusu talaka. Gwen alikufa, lakini aliishi. Peter anamkumbuka, sisi tunamkumbuka, na kila daraja tangu siku ile linabeba kitu. Hapa mjini tunajua ndoa zinavyovunjika. Zinavunjika kila wiki. Mwanamke akiachwa anakaa eda, kuna watoto, kuna vyombo vya kugawana, kuna mawifi wa zamani mnaokutana nao arusini na kusalimiana kwa shida. Hata kadhi akiivunja ndoa, kazi yake ni kuivunja, si kutangaza kwamba haikufungwa. One More Day haikuvunja chochote. Ilisema shughuli ile haikufanyika, na kwamba mimi niliyesoma miaka yote ile nilikuwa nikisoma kitu kisichokuwapo. Aliyepokonywa kumbukumbu pale si Peter peke yake.

Naelewa atakayeniambia kwamba huyu si mtu, ni wino. Lakini wino ule ndio tuliouzwa. Na si mimi tu niliyeona haya. J. Michael Straczynski, mtunzi wa hadithi yenyewe, alisema hadharani kwamba hakuafikiana na namna mambo yalivyomalizwa na alitaka jina lake liondolewe kwenye matoleo ya mwisho. Mpishi akikwambia usile, utasemaje?

Rafiki yangu akanirudishia mpira kwa Liyongo, na ni yeye pekee barazani ambaye angethubutu. Fumo Liyongo, alisema, ndiye shujaa wetu wa asili, hafi kwa mshale wala kwa mkuki, ana udhaifu mmoja tu: sindano ya shaba kitovuni. Hadithi yake imepita vinywa vingi kabla na baada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu kuandika utenzi wake mwaka 1913. Kuna wanaosema aliyemchoma ni mwanawe, kuna wanaosema ni mpwawe. Kila msimulizi anabadilisha na hatuandamani. Mbona Mmarekani akibadilisha tunalia?

Nilimjibu pale kwa haraka, na sasa nimepata nafasi ya kujibu kwa utulivu. Msimulizi wa mpwa hakuwahi kwenda nyumba ya pili kumwambia bibi wa watu kwamba mwana hayupo tena na asimtaje. Hadithi zote mbili zilikaa mtaa mmoja. Liyongo hana mwenyewe. Spider-Man anaye, na tangu 2009 mwenyewe huyo ni Disney. Wenye mali wakisema haikutokea, basi katika vitabu vyote vinavyofuata haikutokea, na mtunzi mwingine akitaka kuitaja hana budi kuomba ruhusa. Kwa hiyo mfano wa Liyongo unanisaidia mimi kuliko unavyomsaidia yeye, ingawa hajakiri.

Tena kuna ushahidi kwamba kufuta hakukuwa lazima. Spider-Man alikuwa pia na katuni ya kila siku katika magazeti ya Marekani, na huko nako alioa mwaka 1987. Januari 2009 wakajaribu kuwaiga wenzao: siku moja ya Mwaka Mpya Peter akawa kapera tena, mwanafunzi wa chuo. Wasomaji wa magazeti, wengi wao watu wazima wanaosoma na chai, walilalamika. Mei mwaka huohuo Peter akaamka, mkewe kando yake, na yote ikawa ndoto. Ndoa ile ya gazetini ikaendelea miaka mingine, na sijasikia kwamba ilimuua mtu.

Kisha Januari 2024 Jonathan Hickman na mchoraji Marco Checchetto wakaanza Ultimate Spider-Man mpya, ambamo Peter ni mtu mzima, ana ndevu, ameoana na Mary Jane, na wana watoto wawili. Toleo la kwanza lilichapishwa tena na tena kwa jinsi lilivyokwisha madukani. Hapo ndipo hoja ya milango kufungwa ilipoanza kuvuja maji. Baba anayechelewa kurudi nyumbani kwa sababu alikuwa anaruka juu ya majengo naye ana shida, na mimi ninayevuka Likoni kila jioni na mfuko wa mboga naijua shida hiyo vizuri kuliko ile ya kapera.

Lakini hapa lazima nikubali kitu. Nilipomwonyesha mpwa wangu kitabu hicho, aliangalia kurasa tatu akaniuliza kwa nini Spider-Man amekuwa kama baba. Hakupenda. Yeye anataka mvulana aliyechelewa shule. Quesada alikuwa akimfikiria msomaji kama huyu, na msomaji huyu si wa kubuni: amekaa kwenye mkeka wangu anakula mahamri. Toleo moja jipya la Marvel huuzwa dola 4 au 5, na mwenye kupiga hesabu Amerika hana sababu ya kuandika kwa ajili ya wazee wa Kibokoni. Ningekuwa mhariri, huenda nami ningemtafutia mtoto huyu kijana wake. Ila ningeandika talaka. Ningemwacha Peter apite mtaani, akutane na Mary Jane na mtu mwingine, wasalimiane kwa shida.

Ami hakutoa hukumu. Adhana ya isha ilipolia alisimama, akatafuta makubadhi yake, akamgeukia fundi wa simu.

"Na huyo mama, May. Alipona?"

"Alipona, ami. Hata akaja kuolewa tena."

"Yeye kaolewa," ami akasema, akatangulia msikitini.